Corinth: Mji Uliozaliwa Reli Zilipokatana

Corinth ni mji mdogo kaskazini-mashariki mwa jimbo la Mississippi, nchini Marekani, maili chache tu kutoka mpaka wa Tennessee. Hauna bandari, hauna mto mkubwa wala mgodi. Kabla ya 1850 mahali ulipo leo palikuwa msitu, vijito vya matope na mashamba ya pamba ya hapa na pale. Kilichouleta mji ni mistari miwili ambayo wahandisi waliichora kwenye karatasi, mmoja ukipanda kutoka kusini kwenda kaskazini, mwingine ukitoka magharibi kwenda mashariki. Mistari ikakatana, na pale ilipokatana watu wakaja kununua viwanja.

Ardhi yenyewe ilikuwa na wenyewe. Wachickasaw walikuwa wameishi kaskazini mwa Mississippi kwa vizazi vingi, wakilima, wakiwinda na kufanya biashara. Oktoba 1832, baada ya kubanwa na serikali ya Marekani huku na sheria za jimbo kule, viongozi wao walitia saini Mkataba wa Pontotoc Creek na kuiachia serikali ardhi yao iliyokuwa imesalia mashariki ya mto Mississippi. Kuanzia 1837 wakahamishwa kwenda magharibi, katika nchi ambayo leo ni jimbo la Oklahoma. Nafasi yao ikachukuliwa na wapima ardhi, walanguzi wa viwanja, na wakulima wa pamba waliofika na watumwa wao. Mwaka 1836 jimbo liliunda kaunti mpya na kuipa jina la Tishomingo, mmoja wa viongozi mashuhuri wa Wachickasaw. Jina likabaki pale pale, na mwenye jina akafukuzwa pamoja na watu wake.

Makao makuu ya kaunti yaliwekwa Jacinto, kijiji kilichopewa jina kukumbuka vita vya San Jacinto vya kule Texas. Mwaka 1854 Jacinto ilijengewa mahakama ya matofali, jengo zuri ambalo bado limesimama. Bahati mbaya lilijengwa wakati ambapo kijiji kilikuwa kimekwisha kupitwa. Reli zilikuwa zinakuja, na hakuna hata moja iliyopita Jacinto.

Njia ya kwanza kati ya hizo mbili ilikuwa Mobile & Ohio. Wafanyabiashara wa Mobile, bandari ya Alabama kwenye Ghuba ya Meksiko, walikuwa wakiona pamba na nafaka za bara zikishuka kwa mashua hadi New Orleans na kuwapita pembeni. Mwaka 1848 wakapata kibali cha kujenga reli kutoka bandarini kwao hadi mahali mto Ohio unapomwaga maji yake kwenye Mississippi. Mwaka 1850 bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuigawia reli hiyo, pamoja na ile ya Illinois Central upande wa kaskazini, ardhi ya serikali kando ya njia. Huo ulikuwa mwanzo wa desturi ya serikali ya Marekani kugharamia reli kwa kugawa ardhi. Njia ya pili ilikuwa Memphis & Charleston, iliyopata kibali 1846. Hiyo ilikusudiwa kuunganisha Memphis, mji wa pamba kwenye mto Mississippi, na reli za mashariki zilizofika pwani ya Atlantiki.

Wanahisa wanajulikana kwa majina. Kati ya waliochimba, ni wachache wenye majina katika daftari. Katika reli za Kusini kwa jumla, mwenye shamba aliyepakana na njia alichukua kandarasi ya kufyeka msitu na kuinua tuta la maili moja au mbili, akapeleka watumwa wake wakati kazi ya pamba imepungua, naye akalipwa fedha au hisa. Aliyeshika sururu na koleo hakulipwa kitu. Mataruma yalichongwa kutoka miti ya msitu ule ule uliofyekwa, na juu yake zikalazwa reli zenye upana wa futi 5, kipimo kilichotumika sehemu kubwa ya Kusini. Upana huo una umuhimu wake katika habari hii, kwa sababu kampuni zote mbili ziliutumia. Behewa lililotoka Mobile liliweza kuhamishiwa kwenye njia ya Memphis bila kupakua hata robota moja.

Ilipojulikana mahali njia hizo zitakapokutana, kama maili 93 mashariki ya Memphis, wenye ardhi ya pale, Houston Mitchell na Hamilton Mask, walipimisha viwanja. Mji ulianza 1853 ukiitwa Cross City, yaani mji wa njia panda, na jina hilo halikuficha chochote. Halikudumu. Mhariri wa gazeti la pale, W. E. Gibson, alipendekeza uitwe Corinth, kwa jina la mji wa kale wa Ugiriki, Korintho ya wasomaji wa Biblia, ambao nao ulitajirika kwa kukaa mahali njia za biashara zilipokutana. Wamarekani wa enzi zile walipenda kuvipa vijiji vya mbao majina ya miji ya kale, na mengi ya majina hayo yalikuwa majivuno matupu. Hili angalau lilikuwa na hoja ndani yake.

Mahali penyewe pa kukatana panastahili kutazamwa kwa karibu. Reli mbili haziwezi kupita moja juu ya nyingine kwenye ardhi tambarare bila kila moja kukatwa kidogo ili kuruhusu gurudumu la mwenzake lipite. Kwa hiyo katikati ya Corinth palikuwa na umbo la chuma lililofanana na kiunzi cha dirisha lililolazwa chini, lenye nyufa nne, na kila gurudumu lililopita juu yake liligonga mara mbili. Dereva hakuruhusiwa kupita hapo kwa kasi. Ilimpasa apunguze mwendo au asimame, ahakikishe njia ya pili haina treni, ndipo asonge. Treni ikishasimama abiria hushuka, na abiria akishashuka hutaka chakula, kinywaji na kitanda. Injini za wakati huo zilichoma kuni na kumaliza maji upesi, kwa hiyo nazo zilihitaji mahali pa kuongezwa. Uchumi wote wa mwanzo wa Corinth ulitokana na kule kusimama.

Karibu kabisa na makutano hayo ilijengwa hoteli ya ghorofa yenye veranda ndefu iliyoelekea reli, ikaitwa Tishomingo Hotel. Hapa tena jina la kiongozi wa Wachickasaw likawekwa kwenye kibao, safari hii kwa ajili ya wasafiri wa pamba. Maduka, maghala, karakana na makanisa vilizunguka. Mwaka 1857 kilifunguliwa Corona Female College, chuo cha wasichana kilichokuwa kwenye jengo la matofali juu ya kilima, na wakulima wenye uwezo wakaanza kupeleka mabinti zao huko kwa treni. Kijiji cha Farmington, maili chache upande wa mashariki, kilikuwa na wafanyabiashara wake kabla ya Corinth kuwapo; wengi walifunga mizigo na kuhamia relini. Kufikia 1861 Corinth ulikuwa na wakazi wapatao 1,200. Kwa mji uliokuwa na umri wa miaka minane, hao si haba.

Memphis & Charleston ilikamilika Machi 1857, na msumari wa mwisho uligongewa karibu na Iuka, mashariki kidogo ya Corinth. Mei mwaka huo Memphis ilifanya sherehe kubwa, na wageni kutoka Charleston walileta pipa la maji ya bahari ya Atlantiki wakayamwaga katika mto Mississippi, kama watu wanaofungisha ndoa. Mobile & Ohio ilichukua muda mrefu zaidi. Ilifika mwisho wake wa wakati huo, Columbus katika jimbo la Kentucky, Aprili 1861, siku chache tu baada ya mizinga kulia katika ngome ya Fort Sumter na Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe kuanza. Reli iliyojengwa kwa miaka 12 ili kubeba pamba ilianza kazi kwa kubeba askari.

Vita hivyo viliukuta mji mdogo ukiwa na thamani isiyolingana na ukubwa wake. Shirikisho la majimbo ya Kusini yaliyojitenga lilikuwa na reli moja tu ya moja kwa moja kutoka mto Mississippi hadi mashariki, nayo ni Memphis & Charleston. Reli yake ndefu ya kusini hadi kaskazini upande huo ilikuwa Mobile & Ohio. Aliyeshika Corinth alishika zote mbili. Leroy Pope Walker, aliyekuwa waziri wa kwanza wa vita wa Shirikisho, alizifananisha na uti wa mgongo, na kwa mara moja mwanasiasa hakutia chumvi.

Machi 1862 makutano yalionyesha kazi yake. Jenerali Albert Sidney Johnston wa Shirikisho, aliyekuwa akirudi nyuma kutoka Nashville, alileta watu wake kutoka upande wa mashariki kwa njia ya Charleston. Braxton Bragg alipanda na askari wake kutoka Mobile na Pensacola. Leonidas Polk alishuka kutoka Columbus, na wengine wakaja kutoka New Orleans. Katika majuma machache watu zaidi ya 40,000 wakawa wamejazana katika mji uliojengewa watu 1,200. Aprili 6 na 7 walipigana na jeshi la Kaskazini la Jenerali Ulysses Grant karibu na kanisa dogo la Shiloh, maili 22 kutoka Corinth. Siku hizo mbili ziliacha karibu watu 24,000 wakiwa wamekufa, kujeruhiwa au kupotea katika pande zote mbili. Johnston mwenyewe aliuawa. Waliosalia walirudi Corinth katika mvua na matope, majeruhi wakiwa juu ya mikokoteni.

Tishomingo Hotel ikageuka hospitali, na chuo cha wasichana vilevile. Kate Cumming, mwanamke wa Mobile aliyezaliwa Uskoti, alifika mwezi huo kusaidia wagonjwa na baadaye akachapisha kumbukumbu zake. Anaeleza hoteli iliyojaa watu waliolazwa sakafuni, wazee wenye mvi na vijana ambao hata ndevu hawajaota, wamebanana kiasi kwamba muuguzi hakuwa na mahali pa kukanyaga, na hewa nzito iliyomtia kizunguzungu. Nje ya dirisha treni ziliendelea kugonga juu ya makutano usiku na mchana. Maji ndiyo yaliyoua zaidi. Mji ulikuwa bondeni, visima vilikuwa vifupi, na maelfu ya watu na farasi walichafua kila kijito. Homa ya matumbo na kuhara damu vilikaribia kuua watu wengi kama risasi za Shiloh.

Jenerali Henry Halleck wa upande wa Kaskazini aliufuata mji huo akiwa na askari wapatao 120,000. Kwa woga wa kushtukizwa, kila jioni aliamuru wachimbe mahandaki, na maili 22 zikamchukua mwezi mzima. Ndani ya mji, Jenerali Beauregard, aliyeshika nafasi ya Johnston, alikuwa na kama nusu ya idadi hiyo, wengi wao wagonjwa. Aliona hawezi kushinda wala kukaa, akaamua kutoroka, na reli ndiyo iliyompa namna. Usiku wa Mei 29 treni tupu ziliingia mjini, na kila moja ilipofika askari walipewa amri ya kushangilia kwa sauti kubwa kana kwamba msaada umewasili. Kwa kweli treni hizo zilikuwa zikipakia wagonjwa, mizinga na chakula na kuondoka. Kwenye ngome magogo yaliyopakwa rangi nyeusi yalisimamishwa badala ya mizinga, mioto iliachwa ikiwaka, wapiga tarumbeta wakaendelea kupiga milio ya kawaida ya kambi. Wapelelezi wa Kaskazini walisikia vifijo wakaripoti kwamba adui anaongezeka. Asubuhi waliingia katika mji mtupu. Hila haikukosa kasoro: daraja moja upande wa magharibi lilichomwa mapema mno, na treni kadhaa zikanaswa ng'ambo na kuharibiwa na wenyewe ili zisitekwe.

Oktoba 3 na 4 mwaka huo huo Shirikisho lilijaribu kuurudisha mji. Majenerali Earl Van Dorn na Sterling Price walishambulia kutoka kaskazini-magharibi kwa askari wapatao 22,000, wakawasukuma nyuma walinzi wa Jenerali William Rosecrans wa Kaskazini, na baadhi yao wakapenya hadi mitaa ya karibu na makutano na hoteli. Mbele ya ngome iliyoitwa Battery Robinett walikatwa vibaya. Kanali William Rogers wa Texas alifia hapo, na Rosecrans akaamuru azikwe kwa heshima. Zaidi ya watu 4,000 wa Kusini walikufa, kujeruhiwa au kupotea, na jeshi lao halikurudi tena kwa nguvu kama hiyo.

Kilichofuata ndicho ambacho historia za zamani za mji zilikipita haraka, nacho huenda ndicho kikubwa kuliko vyote. Wanajeshi wa Kaskazini walipokuwa Corinth, watumwa wa mashamba ya Mississippi, Tennessee na Alabama walianza kukimbilia huko. Rais Abraham Lincoln alipotangaza Septemba 1862 kwamba watumwa wa majimbo yaliyoasi watakuwa huru mwaka mpya ukiingia, kijito cha wakimbizi kikawa mto. Katika lugha ya jeshi waliitwa kwa neno lenye maana ya mali ya adui iliyotekwa, na makazi yao yakaitwa Contraband Camp. Jenerali Grenville Dodge aliwapa mahali pembeni mwa mji na kuwakabidhi baadhi ya wanaume bunduki ili wailinde kambi yao, hatua iliyowaudhi maofisa wengine.

Kambi ile ilifika watu 6,000. Hawakukaa katika mahema wakingoja kulishwa. Walijenga nyumba za magogo zilizopangwa kwa mitaa, kanisa, hospitali na shule, wakalima pamba na mboga kwenye mashamba ya pamoja na kuuza mazao yao, hata kufikia Mei 1863 kambi ilikuwa ikipata faida ya maelfu ya dola kwa mwezi. Walimu wa jumuiya ya kimisionari kutoka Kaskazini waliwafundisha kusoma, jambo ambalo sheria za majimbo mengi ya Kusini zililikataza kwa mtumwa. Watu zaidi ya 1,000, watoto na watu wazima, walijifunza. Karibu wanaume 2,000 walijiandikisha katika kikosi kilichoitwa kwanza First Alabama Infantry of African Descent. Wengi wao walikuwa wakilinda sasa reli ambayo, miaka michache nyuma, watu wa hali yao walikuwa wameichimba bila ujira. Kambi ilidumu mwaka mmoja na kidogo. Desemba 1863 wakazi walihamishiwa Memphis, katika makazi ya msongamano, na Januari 1864 jeshi la Kaskazini likaondoka Corinth. Lilipoondoka, chuo cha Corona kilichomwa. Dodge, baada ya vita, akawa mhandisi mkuu wa Union Pacific, reli iliyovuka nyanda za magharibi.

Amani ilipokuja 1865 mji ulikuwa na mahandaki mengi kuliko nyumba. Mwaka huo huo daktari aliyekuwa amelitumikia jeshi la Kusini, Andrew Jackson Borroum, alifungua duka la dawa, nalo ndilo kongwe kuliko yote katika jimbo la Mississippi. Mwaka 1866 serikali kuu ilianzisha makaburi ya taifa na kukusanya maiti za askari wa Kaskazini waliokuwa wamezikwa ovyo katika mashamba ya eneo lote. Kufikia 1870 walizikwa hapo watu 5,688, na kati yao 3,895 hawakujulikana majina.

Mwaka huo wa 1870 ndipo Corinth ulipopata hadhi yake ya kiraia. Bunge la jimbo lilimega kaunti za Tishomingo na Tippah na kuunda kaunti ya Alcorn, iliyopewa jina la gavana wa wakati huo, James Alcorn, na Corinth ukawa makao yake makuu. Mawakili na makarani walihamia mahali ambapo treni ilisimama. Jacinto ikabaki na mahakama yake nzuri bila kesi. Wakazi wa Corinth walikuwa zaidi kidogo ya 1,500.

Reli zenyewe zilijengwa upya polepole, kwa madeni. Tatizo jipya likazuka: Kaskazini ilitumia upana wa futi 4 na inchi 8 na nusu, upana ule ule wa reli ya SGR ya Kenya na Tanzania ya leo, na Kusini ilikuwa bado kwenye futi 5. Mizigo iliyovuka mipaka ililazimika kupakuliwa au mabehewa kubadilishwa magurudumu. Julai 1885 Mobile & Ohio ilibadili njia yake yote kwa siku moja. Misumari ya ndani ilikuwa imegongwa mapema kwenye mataruma. Vikundi vya wafanyakazi vikang'oa ile ya zamani, vikasukuma reli moja inchi chache, vikagonga, vikasonga mbele. Memphis & Charleston ilingoja hadi Mei 31 na Juni 1, 1886, siku ambazo karibu reli zote za Kusini zilizobaki zilifanya hivyo kwa pamoja. Kwa hiyo kwa muda wa miezi kumi na moja Corinth, mji ulioishi kwa sababu reli zake mbili zilikuwa na upana mmoja, ulikuwa na makutano ya reli zisizolingana. Zilivukana kama kawaida, lakini behewa la njia moja halikuweza kuhamia nyingine.

Hali hiyo ilipokwisha, kilichobaki kilikuwa suala la umiliki. Memphis & Charleston ilinunuliwa na Southern Railway 1898, na mwaka 1901 kampuni hiyo hiyo ikapata hisa za kutosha kuitawala Mobile & Ohio. Mji ulikuwa umepita watu 3,600. Njia mbili zilizoanza kama mipango ya wafanyabiashara wa miji miwili tofauti, zikakatana kwa hesabu ya wapimaji, zikawa chini ya mkono mmoja, na mafundi wa kampuni moja ndio waliokuja kubadilisha chuma cha makutano kila kilipochakaa.